Coerce na compel: tofauti iko kwenye vitisho
Je, maneno ya Kiingereza coerce na compel yana maana moja? Hapana, si sawasawa. Coerce ni kulazimisha kwa vitisho au mabavu, mtu anatia saini huku roho mkononi. Compel ni pana zaidi: sheria, njaa, hata dhamiri yaweza kukulazimisha. Shahidi aliyeletewa samansi ya mahakama ni compelled, hakuna aliyemtishia. Tena angalia kinachofuata baada ya kitenzi, hapo ndipo wengi huteleza: they coerced him into signing, lakini they compelled him to sign. Ila compel nayo hubeba mabavu mara nyingine; Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49(1)(d), inatumia hiyo hiyo inapokataza aliyekamatwa kulazimishwa kukiri kosa.