Jina la biashara mtandaoni: ukilitaja ndani ya kifodi (daladala), aliyelisikia ataweza kuliandika?

Nauza nguo za watoto za mitumba Kiboriloni. Jina nililolitaka Instagram limeshachukuliwa. Niongeze namba mwishoni? (Mama wa wawili, Moshi)

Usiongeze, mama. Mteja aliyelisikia kwa jirani hatakumbuka kama ni 07 au 77. Ataishia kwa mwenye jina lisilo na namba, na yeye ndiye atakayeuza. Isitoshe, namba zinawarahisishia kazi matapeli: anabadilisha tarakimu moja, anapakua picha zako, anaanza kupokea hela za wateja wako. Afadhali neno lenye maana, kama mahali ulipo au unachouza. Instagram inakupa hadi herufi 30, kwa hiyo nafasi ipo.

Halafu kuna lile jina linaloonekana kwenye profaili, ambalo ni tofauti na jina la akaunti. Hilo halizuiwi hata likifanana na la mwingine, na mtu akitafuta kitu Instagram linasomwa pia. Andika hapo “Nguo za watoto Moshi”. Mgeni hajui unaitwa nani, anajua anachotafuta.

Tunapeleka wageni mlimani na mbugani. Mwenzangu anataka “kilimanjarosafariadventures”. Mimi naona refu. (Arusha)

Ni refu kweli. Nimezihesabu: herufi 27. Instagram litapita, TikTok itakataa kwa sababu mwisho wake ni 24, na X ndiyo kabisa, mwisho 15. Neno Kilimanjaro peke yake linakula 11. Lijaribuni X kwanza, maana huko hata nukta hairuhusiwi. Likikubalika huko, kwingine mtahangaika tu na kama liko wazi.

Ila urefu si tatizo kubwa. Simameni Mnara wa Saa asubuhi msome milango ya magari ya watalii yanayopita: Kili, Safari, Adventures, Kili tena. Mgeni ataelewa mnafanya nini, lakini hatajua ninyi ni watu wa namna gani. Kama sifa yenu ni kupandisha wazee taratibu bila kuwakimbiza, au kuchukua vijana wenye bajeti ndogo na mahema yao, hilo ndilo lisikike kwenye jina. Na liwe jepesi kwa Mjerumani kuliandika.

Nina banda la nyama choma Sakina. Vijana wangu wanataka jina lenye “chalii”. Wateja wangu wengi ni watu wazima, Jumapili wanakuja na familia wakitoka kanisani. (Baba J.)

Mzee wangu, angalia nani anajibu meseji. Kama majibu yenu ni “Shikamoo mama, mbuzi atakuwa tayari saa saba”, jina la kichalii litamshangaza huyo mama kabla hajaagiza. Lugha ya mtaa siipingi hata kidogo. Kinyozi wa Ngarenaro au muuza raba ingempendeza sana, na ajibu hivyohivyo. Kwako wewe, jina la kiungwana lenye utani kidogo linatosha. Tahadhari moja: ukitaka kutumia ng’ombe, ritifaa (kile kialama cha juu katika ng’) haikubaliki kwenye jina la akaunti. Itabaki “ngombe”, na wapo watakaokucheka.

Nimesajili jina kule BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Si ndiyo basi?

Hapana. Instagram haiulizi BRELA. Tena jina la biashara ni kitu kimoja na alama ya biashara ni kingine, ingawa zote zinasajiliwa hapohapo. Alama ndiyo inayokupa nguvu ya kumlalamikia anayejiita wewe. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Wengine mnaosoma, tafuteni jina mtandaoni kabla ya kulipia.

Nikibadilisha jina, wafuasi wataondoka? (Fundi cherehani, Majengo)

Wafuasi wanabaki. TikTok inaruhusu kubadilisha mara moja kila siku 30, basi usijaribujaribu. Kinachoumiza ni stika na kadi ulizokwisha kuchapa, na jina la zamani linaweza kuchukuliwa na mwingine akavuna wateja wako.

Ila niulize: akaunti ilifunguliwa kwa simu ya nani? Mara nyingi ni ya kijana wa dukani, na siku akiacha kazi anaondoka na peji. Weka kwanza namba yako na barua pepe yako, badilisha na neno la siri, ndipo uguse jina.