Siku moja Chicago: anza na simba wa Tsavo

Mara ya kwanza nilipokwenda Chicago nilikuwa na orodha ya vivutio kumi na kimoja. Ilikuwa Novemba, nami nimevaa koti la mtumba la Kongowea, jepesi kama leso. Upepo wa Ziwa Michigan ulinipekua mpaka mbavu. Nikapoteza asubuhi kupanda Willis Tower, ghorofa 110, siku ya mawingu, nikaona ukungu mtupu. Nilipofika Makumbusho ya Field ilikuwa saa kumi na robo jioni. Mwisho wa kuingia ni saa kumi.

Kwa hiyo nilirudi Juni mwaka uliofuata, na safari hii nilianza na makumbusho. Ukitoka kwetu, nakusihi ufanye hivyohivyo. Panda basi namba 146 katikati ya mji, uwe mlangoni saa tatu asubuhi, kabla mabasi ya wanafunzi hayajamwaga watoto. Tiketi ya mgeni si rahisi, inakaribia dola 30, basi ile pesa ifanyie kazi: kaa mpaka mchana.

Ukumbini utapokelewa na tembo wawili wanaopigana. Kuna pia SUE, yule dinosauri aliyenunuliwa mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8, na watu humiminika kwake. Waache wamiminike. Wewe uliza simba wa Tsavo wako wapi.

Mimi ni mtu wa Voi. Nyanya alitutisha na simba hao ili tusichelewe kurudi na mbuzi. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika Mto Tsavo, madume wawili wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wakiwatoa vibarua mahemani usiku. Mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, aliwaua Desemba ya mwaka huo, akatandika ngozi zao sakafuni kwake kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha akawauzia makumbusho haya kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa na kukatwakatwa, ndiyo maana simba unaowaona kwenye kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Mafuvu yao pia yako hapo, na hayo hayajapungua.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Patterson aliandika kwamba waliliwa vibarua wa Kihindi 28, na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Baadaye akadai jumla ni 135. Hao wasiohesabiwa ndio walionishika miguu. Pembeni yangu mtoto mmoja alimwuliza babake kama wale ni simba jike.

Mchana usigharamike. Millennium Park ni bure, na lile sanamu la Haragwe la chuma king'aacho (jina lake rasmi ni Cloud Gate, lakini usipoteze muda kuliuliza hivyo) utalipiga picha kwa dakika kumi. Ng'ambo ya barabara kuna Chicago Cultural Center, maktaba ya zamani ya mwaka 1897, nayo ni bure. Kuna kuba la vioo vya rangi la kukukunjisha shingo na, jambo muhimu zaidi kwa mtembezi, vyoo safi.

Toka hapo kwa miguu mpaka daraja la DuSable. Limepewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyejenga makazi yake hapo mtoni kabla mji haujakuwapo. Mto wenyewe waliugeuza mwaka 1900 utiririke kinyume, ili uchafu usiingie ziwani wanakochota maji ya kunywa. Shuka ngazi, ukae kando ya maji, uvue viatu.

Pizza nene ya Chicago huchukua kama dakika 45 kuiva, kwa hiyo agiza kabla njaa haijakufikisha pabaya. Bei ya kwenye menyu si utakayolipa: kodi huongezwa mwishoni, na mhudumu hutarajia bahashishi ya asilimia 15 hadi 20. Mimi nilikula vipande viwili nikashindwa cha tatu.

Saa tatu usiku nilimtumia mama picha ya simba. Voi ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, keshaamka. Akajibu: "Wale waliokula watu ndio hawa? Mbona wamekonda?"