Neno "seine" lilinitia aibu, juya likaniokoa

Mwaka fulani niliombwa niwasomee wavuvi wa kijiji kimoja cha Kilwa kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza. Nikafika kwenye neno "seine". Sikusita: "Wavu wa kukokotwa na meli."

Mzee mmoja akanikatiza. "Mwanangu, hapa nani ana meli?"

Walicheka hadi nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimechanganya "seine" na "trawl". Trawl ndiyo inayokokotwa na chombo kinachokwenda. Seine huzungushwa: maboya yanashikilia kamba ya juu, vipande vya madini ya risasi vinazamisha ya chini, samaki wanazingirwa, kisha ncha mbili zinavutwa. Zikivutwa kutoka ufukweni, basi ni juya. Kule Ziwa Victoria wanaliita kokoro, na limepigwa marufuku kwa sababu linazoa hata samaki wachanga. Ukizungushia kundi la samaki majini, ukafunga chini kama mdomo wa mfuko, hiyo ni ringineti.

Kwa hiyo ukikutana na jina la wavu, usikimbilie kamusi. Yangu iliniambia "wavu mkubwa", basi. Uliza kwanza: unategwa, unarushwa, unazungushwa au unakokotwa?

Kilichonisaidia zaidi ni asili ya neno. Kiingereza cha kale kilisema "segne", kutoka Kilatini "sagena", nacho Kilatini kiliazima "sagene" ya Kigiriki. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia Waajemi walivyoteka visiwa vya Chios, Lesbos na Tenedos: askari walishikana mikono toka bahari ya kaskazini hadi ya kusini, wakakipita kisiwa kizima wakiwasaka watu. Kitendo hicho anakiita kwa kitenzi kilichotokana na wavu huohuo. Tangu niyasome hayo sijachanganya tena.

"Sagene" ndilo neno la Kigiriki katika Mathayo 13:47, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema "juya". Hapo watafsiri walipatia kabisa. Kwenye 4:18 sikubaliani nao: Kigiriki kinataja wavu wa kurusha, yaani kimia, wao wakaandika "jarife". Jarife nani analirusha? Hutegwa likaachwa lingoje.

Halafu matamshi. Wavu ni "sein". Mto wa Paris unaandikwa vilevile lakini jina lake latoka Sequana, hawana undugu wowote. Hilo nalo nililikosea, ila siku hiyo mzee hakuwepo.