Goma hatuchimbi, tunapandisha tuta

Dada mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, mashariki ya Kongo, ameniandikia juma hili. Amenunua mbegu, amepiga mawe kwa sururu mpaka mikono ikatoka malengelenge, amepanda, na mboga zote zimekauka. Anauliza kama mbegu zilikuwa mbaya. Mbegu hazina kosa, dada. Sururu ndiyo iliyokudanganya.

Mimi nakaa juu ya lava, yale mawe ya moto yaliyotoka volkano ya Nyiragongo 17 Januari 2002 yakapoa, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwa Kivu. Nilipoanza kupanga mawe kwenye parsela, yaani kiwanja changu, majirani walisimama mlangoni: "Mama, unajenga kaburi la nani?" Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu akasema mbele ya wageni kwamba mtoto wao ameoa mwanamke anayelima mawe. Sijasahau. Leo wajukuu zake wanatumwa kwangu kuomba seleri. Nawapa, tena nyingi, lakini nawaambia wapeleke salamu kwa babu: imetoka kwenye mawe.

Lava ukiichimba, chini yake unakuta lava. Na ina matundu, maji yanapita yote. Kwa hiyo tuta lipande juu. Mawe tunayo bure. Yapange bila simenti, upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Lengalenga (mchicha) inatosheka na kina cha sentimita 20. Karoti na poro (liki) zinataka kama 40.

Washauri wa mbali watakuambia uhakikishe maji yanatoka. Kwetu kazi ni kuyazuia! Kabla ya udongo, tandika magunia chakavu, makatoni na majani ya migomba, tabaka nene. Yataoza, ndiyo, lakini yakioza yanakuwa chakula cha mboga.

Pesa yote iende kwenye udongo. Muuzaji mmoja aliniletea magunia kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo: juu udongo mweusi mzuri, chini kifusi cha nyumba na misumari yake. Alikuwa ananiita dada! Tangu siku hiyo gunia linamwagwa chini kwanza, halafu ndipo nalipa. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza kabisa. Ile mbichi inaunguza mizizi. Mvua za kwanza zikinyesha tuta litashuka, usishtuke, ongeza.

Wamama wenzangu, tunanung'unika bei ya mboga soko la Virunga, na nyumbani tuna parsela nzima ya mawe tunayoitumia kuanika nguo. Tunangoja mradi fulani uje na mbegu na fulana. Mbegu zitagawiwa, picha zitapigwa, na hao watu hutawaona tena. Lengalenga unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne tu. Nani anakuzuia?

Kiangazi kina shida yake. Mawe meusi yanashika jua na pembeni mwa tuta panakauka kwanza, basi pembeni weka lengalenga, seleri ikae katikati. Funika udongo kwa majani makavu, mwagilia jioni. Maji uliyooshea mboga yasimwagwe barabarani.

Mvua zinarudi mwezi wa tisa. Udongo uagize mwezi wa nane, ungali mkavu: ukilowa, gunia linakuwa zito na mwenye chukudu anapandisha bei.