Umefunika amri ya mfumo? Usipige Ubuntu upya

Fundi, nilinakili skripti yangu kwenye /usr/bin nikaipa jina la ls. Sasa kila nikiandika ls inajibu skripti. Natumia Linux ya Ubuntu 22.04. Nipige mfumo upya?

Hapana, tafadhali. Inaniuma kila nikiona mtu anafuta kompyuta nzima kwa sababu ya faili moja. ls ni programu ndogo tu ya kuorodhesha faili, na Ubuntu inayo kumbukumbu ya kila faili ya mfumo na kifurushi (fungu la programu) ilikotoka. Iulize:

`dpkg -S /bin/ls`

Andika /bin hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyosajiliwa kwenye 22.04. Utajibiwa coreutils, jina la kifurushi chake. Weka nakala ya skripti yako kwingine, kisha (sudo hukupa mamlaka ya msimamizi, apt husakinisha vifurushi):

`sudo apt install --reinstall coreutils`

Kwa sasa, ukitaka kuona majina ya faili, andika `echo *`. Hiyo echo imo ndani ya bash yenyewe (shell, yaani programu inayosoma amri zako), haijaguswa.

Mimi nimeharibu tar, programu ya kufunga na kufungua mafungu ya faili, na apt inashindwa hata kuirudisha tar yenyewe!

Ni kweli, kwa sababu dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha, hufungua vifurushi kwa kuitumia tar. Ufunguo umebaki ndani ya nyumba. Lakini busybox, programu moja iliyobeba amri nyingi ndogo, ina tar yake. Nenda kwenye folda tupu:

`apt download tar`
`dpkg-deb --fsys-tarfile tar_*.deb | busybox tar -x ./bin/tar`
`sudo install -m 755 bin/tar /bin/tar`

Ikishafanya kazi, rudia apt na --reinstall ili kifurushi kizima kiwe safi. Njia hii naipenda sana, kwa kuwa, ukiacha kifurushi ulichoshusha, kila chombo kilikuwa tayari kwenye mashine yako.

Na kama iliyoharibika ni sudo?

Usizime kwanza. `apt download sudo` haihitaji sudo, basi shusha kifurushi ungali na intaneti. Kisha washa upya, ingia hali ya uokoaji kupitia GRUB (menyu ya kuwashia mfumo), chagua root (msimamizi mkuu), fungua diski ili ikubali kuandikwa, kwa amri `mount -o remount,rw /`, na usakinishe kwa `dpkg -i`. Usiazime faili ya sudo kwa rafiki ukainakili tu: lazima iwe mali ya root na iwe na ruhusa 4755, la sivyo itakataa kazi.

Niko Linux ya Fedora, si Ubuntu.

`rpm -qf /usr/bin/ls`, halafu `sudo dnf reinstall coreutils`.

Nitajuaje kama sijaharibu kingine? Na skripti zangu niziweke wapi?

`sudo dpkg --verify` hulinganisha faili na kumbukumbu zake. Ukiona tarakimu 5 mbele ya faili, yaliyomo yamebadilika. Faili za /etc (folda ya mipangilio) ulizozihariri mwenyewe zisikutishe. Skripti ziweke /usr/local/bin. Kwa kawaida shell hutafuta huko kabla ya /usr/bin, kwa hiyo hata majina yakigongana, ile ya mfumo inabaki salama. Futa yako, andika `hash -r` ili bash isahau njia ya zamani, na ls ya zamani itaitika.