Waliotangulia na jezi nyeusi

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, wa 1905 ndio waliopeleka jezi nyeusi na haka, ile ngoma ya Wamaori ya kabla ya mechi, Uingereza kwa mara ya kwanza. Nilikukatiza kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaungua. Jibu ni la, si wao.

Miaka 17 kabla yao, Joe Warbrick alikusanya vijana 26 wa New Zealand, wengi wao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwemo ndugu zake wanne. Chama cha taifa cha raga hakikuwapo bado; kiliundwa 1892. Safari ilikuwa mradi wa watu binafsi, na viingilio ndivyo vilivyotegemewa kulipia gharama. Basi walicheza kama watu wanaodaiwa: kati ya Juni 1888 na Agosti 1889 walicheza mechi 107, na 74 kati yake zilikuwa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Baba yako akicheza Jumamosi, hadi Jumanne alikuwa hawezi kupanda ngazi. Hawa mara nyingine walicheza mechi tatu kwa wiki, matopeni, na wachezaji ni wale wale. Hata hivyo walishinda 78. Waliifunga Ireland kwao Dublin, wakafungwa na Wales.

Lakini mechi inayonikera mpaka leo ni ile ya Blackheath, Februari 1889, dhidi ya Uingereza. Kaptura ya Andrew Stoddart, mchezaji wa Uingereza, ilichanika. Wageni, kwa heshima, wakamzunguka ili abadilishe bila kuonekana. Wakati wao wamesimama wakimsitiri, mwenzake Frank Evershed akaokota mpira akaenda kufunga trai, yaani kuugusisha chini nyuma ya mstari wa goli lao, na refa akalikubali! Refa mwenyewe, Rowland Hill, alikuwa katibu wa chama cha raga cha Uingereza. Wachezaji watatu wakatoka uwanjani kwa hasira. Mwishowe walioambiwa waombe radhi ni nani? Wageni. Mimi niliyefua kaptura za raga miaka yote ile nasema hapo palikuwa na uonevu mtupu.

Hiyo jezi nyeusi yenye jani jeupe la kangaga walikuwa nayo tayari. Mmoja wao, Tom Ellison, alirudi nyumbani, na mwaka 1893 akapendekeza kwenye chama kipya kwamba iwe jezi ya taifa. Wakakubali.

Ile ya baba yako uliyoomba nimeishona bega. Nitaituma kwa matatu Ijumaa.

Mama