Kitabu cha picha cha kuzunguka jijini: anza kumwangalia bibi

Ukitafuta kitabu cha picha cha mtoto anayezungushwa jijini na bibi, babu, mjomba au shangazi, usianze na majengo. Mwangalie kwanza huyo mtu mzima. Nimewasomea wapwa zangu vitabu vingi vya aina hii, na vile wanavyoniomba nivirudie vinafanana kwa jambo moja: ndugu aliyemo ana wakati. Mtoto akiinama kutazama kitu, wanasimama wote wawili. Akiuliza, anajibiwa. Lakini kitabu ambacho bibi kazi yake ni kutaja minara na madaraja mpaka ukurasa wa mwisho husomwa mara moja tu, kisha kikasahaulika.

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa huchapwa kisha ikakunjwa, na kurasa zikapatikana kwa mafungu ya 8 au 16. Ukitoa za jina la kitabu na hakimiliki, nafasi ya hadithi ni finyu. Anayetaka kuenea jiji zima humo ataishia kwenye orodha. Anayechagua safari moja ana nafasi ya kuwajulisha wasomaji watu waliomo. Last Stop on Market Street, kilichoandikwa na Matt de la Peña na kuchorwa na Christian Robinson mwaka 2015, ni safari ya basi tu, siku ya mvua. Mtoto anataka kujua kwa nini wao hawana gari. Bibi yake hamkaripii. Anamwonyesha yaliyopo mbele ya macho yao. Kitabu hicho kilipata Newbery Medal mwaka 2016, tuzo ambayo mara nyingi huenda kwa vitabu virefu vya watoto wakubwa.

Halafu kuna hofu, na hapa ndipo ninapokuwa mkali katika kuchagua. Jiji humtisha mtoto mdogo: honi, umati, ngazi za umeme, treni inayoingia kwa kishindo. Kitabu kinachojifanya hayo hayapo hakimsaidii. Katika Nana in the City cha Lauren Castillo (2014), mtoto anakwenda kumtembelea bibi yake na kuliona jiji halifai kabisa kwa bibi kuishi. Bibi habishani naye. Usiku anamfumia joho jekundu, kesho yake wanatoka tena, na kelele zile zile zinaanza kumvutia. Nilipomsomea mpwa wangu mdogo, alikwenda kuchukua taulo, akataka nimfunge shingoni, ndipo akaniruhusu nifungue ukurasa unaofuata. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Usiviogope vitabu visivyo na maneno. Sidewalk Flowers cha JonArno Lawson na mchoraji Sydney Smith (2015) hakina hata sentensi moja. Msichana mwenye koti jekundu anatembea na baba yake, baba yuko kwenye simu, binti anaokota maua yaliyoota kwenye nyufa za njia. Michoro inaanza karibu yote nyeusi na nyeupe, kisha rangi zinaongezeka taratibu. Ukikisoma na mtoto, nyamaza. Sisi watu wazima tuna haraka ya kujaza kimya kwa maelezo, na mtoto akishasikia hadithi yako hataitafuta yake. Mpwa wangu mkubwa alikaa kimya kurasa kadhaa, kisha akaweka kidole juu ya ile simu: "Baba haoni, shangazi." Nisingeweza kumfundisha hilo.

Kabla ya kununua au kuazima, fungua katikati, ziba maneno kwa kiganja na utazame picha peke yake. Je, unajua nani anamwongoza nani, na mtoto anajisikiaje? Kama huwezi kujua, michoro hiyo ni pambo tu. Tazama pia picha imechorwa kutoka kimo gani. Mchoraji mzuri hushuka hadi usawa wa macho ya mtoto, ukaona magoti, mikoba na vitasa vya milango, kisha ghafla anakupandisha juu ya mapaa. Picha zilizosheheni vitu vidogo vidogo zinamfaa mtoto mmoja aliyekaa mapajani. Kwa kundi la watoto, chagua michoro mikubwa iliyo wazi.

Vingi vya vitabu hivi vimeandikwa kwa lugha za kigeni. Kisome peke yako kwanza, kisha msimulie mtoto kwa Kiswahili chako huku mkitazama picha. Kusoma sentensi, kusimama, kutafsiri na kuendelea kunaua hadithi.

Na kama mna safari ya kweli, kisomeni siku moja kabla. Mkifika, mpe mtoto kazi moja aliyoiona kitabuni: ahesabu vituo vya basi, au abonyeze kitufe cha lifti. Mengine mwache ayaone mwenyewe.